Jiwe Ambalo Mama Alimdai Rais

Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Kuandika nimejifunza mtu mzima, mtoto mgongoni, kwenye kisomo cha watu wazima ndani ya ghala la kijiji, vidole vina unga maana nilitoka jikoni mbio. Kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Na aliyetaka watu kama sisi tusome ndiye ninayetaka kumwandika, yule mzee aliyetuongoza wakati wa vita. Jina silitaji, mnamjua. Mama yangu naye hakuwahi kulitaja. Alimwita "huyo".

Mama alikuwa na kesi na huyo.

Sisi ni Wazigua wa Misima, ila siyo pale wanapopita watu. Kwetu ni ndani, mwendo wa asubuhi nzima. Ilipokuja amri ya watu kuhamia vijijini, lori lilitukuta mama anasaga mtama. Tukaambiwa tupakie. Tukapakia kitanda, mtungi, vibuyu, kuku miguu imefungwa. Mama akaenda kulikumbatia jiwe lake la kusagia. Lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake, katikati limeliwa na mikono yao mpaka limekuwa kama sahani. Kijana wa kwenye lori akamwambia, "Mama, mawe yapo hata huko tuendako."

Lori likaondoka. Michungwa, kaburi la bibi na jiwe vikabaki nyuma. Pakawa mahame.

Mimi kijijini nilipapenda, nasema kweli ya Mungu. Nilikuwa msichana, na msichana anapenda majirani. Niliolewa nyumba ya nne tu kutoka kwa mama. Palikuwa na kisima karibu, na baadaye zahanati, ambako wanangu wote wamechanjwa, na huyu ninayekaa kwake sasa hapa Kilole alizaliwa humo mvua inanyesha, nesi ameshika mwavuli ndani ya nyumba. Hiyo ni habari nyingine. Mama yeye alikuwa akinywa maji ya kisima kile anakunja uso. "Maji ya huyo hayana ladha." Lakini anamaliza kata nzima.

Jirani yetu alikuwa Mnyamwezi, aliyeletwa na baba yake Korogwe kukata mkonge, akaoa kwetu. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, kwa hiyo yeye na mama hawakupitisha siku bila kutukanana. Na ndiye aliyekuwa na redio.

Vita ilipotangazwa tulikuwa uani kwake wote. Tukasikia adui ameingia nchini upande wa Kagera, watu wamefukuzwa kwenye nyumba zao. Mama akasema, "Haya. Leo huyo amejua mtu akitolewa kwake anavyosikia."

"Mtani, punguza sauti, utafungwa!"

"Wanifunge. Nitapumzika na hiyo redio yako inayokoroma kama wewe."

Alisema hivyo, na mwezi haukupita kaka yangu, aliyekuwa mgambo, akachukuliwa pamoja na wenzake kwenda huko vitani. Tangu hapo mama ndiye wa kwanza kufika kwenye redio na wa mwisho kuondoka. Huyo akizungumza, mama anamsikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayemsikiliza mkwe asiyempenda.

Ikaja barua ya kaka. Ndiyo barua ya kwanza kusoma maishani mwangu. Nilisoma kwa kukata kata, ni-ko ha-i. Mama akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena hapo." Mpaka mtoto mgongoni akalala, mama anataka pale pale. Mpaka leo nikiandika neno hai mkono wangu unatulia kidogo.

Kaka alirudi na miguu yake yote miwili. Baada ya vita tulipata shida, tusifichane. Sabuni hakuna, tulifua kwa majani ya mpapai, kanga zinabaki na rangi ya kijani. Wengine walimlaumu yule mzee kwa hilo. Mama hakumlaumu kwa sabuni. Kesi yake ilikuwa moja.

Miaka ikapita, huyo akastaafu, akazeeka kama sisi. Mama naye kifua kikaanza kumsumbua, anapumua kama anapanda mlima wa Bungu. Ndipo asubuhi moja redio ikasema yule mzee amefariki.

Mama alitoa mkeka wake nje, akaukalia, kanga kichwani. Matanga kabisa. Siku za msiba zote alikuwa hapo, na siku ya kuzikwa alisikiliza mwanzo hadi mwisho. Kesho yake nikampelekea uji, akausukuma. Kesho kutwa vilevile.

Mtani wake Mnyamwezi akaja. "Mtani, unamlilia adui yako?"

"Hakuna aliyeuliza," mama akasema.

"Aliyeuliza nini?"

"Nimesikiliza mazishi yote. Hakuna aliyesimama kuuliza nani anamdai marehemu."

Kwetu, kabla maiti haijatoka nyumbani, mmoja wa wafiwa anasimama na kuuliza kama kuna mtu anamdai marehemu, au aliyekosewa naye, aseme. Pengine huko waliuliza, sisi hatukusikia. Na mama hakuwa anatania. Alijua kifua kile hakimpeleki mbali. "Nitakwenda vipi na kinyongo cha maiti?" akaniuliza. "Na kusamehe bila kuombwa siwezi. Nimejaribu. Hakitoki."

Mtani akaondoka, nikadhani amechoka naye. Akarudi amevaa koti lake la Idi na kofia. Akasimama mbele ya mkeka, mikono ameikunja.

"Mimi ni ndugu wa marehemu."

"Wewe Mnyamwezi una undugu gani na huyo?"

"Wote tumetoka huko juu bara. Usinikatize, niko msibani. Kama kuna mtu anamdai ndugu yetu, au alikosewa naye, ajitokeze."

Nilitaka kucheka, nikaona mama anaishusha kanga kichwani, anakaa sawa. Akaanza. Alitaja kaburi la mama yake lililoota miiba. Alitaja michungwa. Alitaja kuku wawili waliokufa kwenye lori, ambao hata mimi nilishawasahau. Alisema muda mrefu, na mtani anaitikia kila neno, "Tumesikia, mama. Tunaomba radhi." Mwisho mtani akauliza, "Na wewe je, hudaiwi kitu na marehemu?"

Mama akanyoosha kidole kwangu. "Huyu anasoma." Akakohoa. "Na wa kiume alirudi." Akavuta pumzi. "Basi. Nimemsamehe yote. Isipokuwa jiwe."

Tukasafiri mimi na kaka kulifuata. Mahame palikuwa pori, tukapatambua kwa michungwa. Jiwe tulilikuta kwa Mmasai mmoja mfugaji, analiwekea chumvi ndama walambe. Kaka akamweleza, Mmasai akacheka, akaimwaga chumvi, akatusaidia kulifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Tulisukuma mpaka jua likageuka.

Mama aliliosha kwa maji ya kisima. Akapitisha kidole katikati, akakilamba. "Bado lina chumvi," akasema, na siku hiyo akala ugali.

Alitangulia baada ya msimu mmoja wa mahindi. Mwenyewe alisema azikwe pale pale kijijini, asipelekwe mahame, watu wakamshangaa. Kaka akasimama kuuliza nani anamdai marehemu. Mtani akainuka, koti lile lile.

"Mimi namdai betri za redio. Alizimaliza kumsikiliza adui yake."

Msiba mzima ukacheka, na shehe akajifunika uso kwa kilemba.

"Nimesamehe," mtani akasema, akakaa chini, ndipo akaanza kulia.