Safari ya Ujiji, Kuiulizia Mashua ya Chumvi

Niliondoka Usoke kwa sababu Monika, mke wa mjukuu wangu Maganga, alikataa kulia. Wauza dagaa walituletea habari kwamba chombo alichofanyia kazi Maganga kimezama Ziwa Tanganyika. Wazee wakataka tuweke msiba. Monika akasema, "Silii kwa maneno ya sokoni. Nileteeni aliyemwona akifa." Maganga nimemlea mimi. Nikajifunga kanga, nikaenda.

Asubuhi nilipanda gari moshi, daraja la tatu, nikakaa sakafuni kama mzigo. Uvinza nikaona moshi wa watu wanaochemsha chumvi. Kigoma nikashuka, nikatembea kwa miguu mpaka Ujiji, vumbi mpaka kwenye kope.

Ufukoni Ujiji nilimkuta nahodha wake, Mzee Ramadhani, anashona tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe chombo wanachosema kimemuua Maganga."

"Kiko chini, mama. Hapa utaona vyombo ndugu zake tu."

Akanionyesha. Mtumbwi ni gogo lililochongwa, kazi yake nyavu, hauendi mbali. Mashua ni ya mbao, hubeba abiria na mitungi ya mawese, ikifuata ufuko kijiji hadi kijiji. Jahazi lina tumbo kama ghala. Hilo ndilo la chumvi na mahindi, kuvuka mpaka Kongo.

"Chenu kilikuwa kipi?"

"Mashua."

"Mlipakia nini?"

Akapitisha sindano mara mbili, tatu. "Chumvi. Jahazi lilikuwa linazibwa matundu, na mwenye mali hakutaka kungoja."

Nikamtukana matusi ambayo siyaandiki. Akaniacha mpaka nikachoka.

"Makosa ya kupakia ni yangu," akasema. "Lakini tungefika. Mawimbi yalipotukamata niliamuru tutose shehena. Ndiyo sheria ya vyombo, mali iende, watu wabaki. Wenzake Maganga wakatosa. Yeye akayalalia magunia ya upande wake. Nikampigia kelele, 'We Mnyamwezi, tupa! Umezoea maji ya kisima wewe!' Akasema mzigo wa watu hautupwi, bibi yake atamkana. Upande ule ukanywa maji. Nilimwona akizama, mikono imeshika gunia. Watu wanne walikwenda na maji."

Nikakaa mchangani. "Bibi mwenyewe ndiye mimi," nikamwambia.

Babu yake Maganga alikuwa mpagazi wa misafara, bega limeota sugu kwa pembe za ndovu. Nilimkuza mtoto kwa sifa hizo. Nilimwambia Mnyamwezi akitupa mzigo njiani, asirudi kwangu. Nilijivuna nikisema.

Mama wa mmoja wa wale watatu wengine alikaa nyumba ya pili kutoka pale. Sikwenda kumpa pole.

Njia nzima ya kurudi sikuweka kitu mdomoni. Nilikuwa nimejifunza kila chombo na mzigo wake, na kwamba maneno niliyompa mtoto yalikuwa ya nchi kavu, nami nilimwacha aende nayo majini.

Usoke, jua la mchana, Monika alikuwa anapura mtama. Nikamweleza yote, hata gunia.

Akauliza, "Nani alimfundisha ujinga huo?"

"Mimi."

Akaniangalia sana. Kisha akaweka mti wa kupuria chini taratibu, akakaa juu ya makapi, akaanza kulia.

Mimi hakuniruhusu nimshike.