Karafuu Zilizozidi

Nakumbuka asubuhi moja huko Likuyani, mwanangu, nikiwa mke mpya, nao uhuru ukiwa bado mchanga. Shamba tulimolima mahindi lilikuwa limetoka mikononi mwa mzungu juzijuzi tu, na majirani wote walikuwa wageni kama sisi. Aliyewafanya wazoeane ni mama mkwe wangu, Mama Rasoa, kwa chai yake. Haikuwa na maziwa. Aliipika kwa mchaichai alioupanda mwenyewe nyuma ya jiko, tangawizi, iliki, mdalasini, na karafuu kidogo alizonunua kwa mfanyabiashara wa Mumias. Harufu yake ilikufikia ukiwa bado barabarani, ukajikuta umeingia uani bila kualikwa.

Siku hiyo tulingoja wageni kutoka Matete, waliokuwa wakija kumposa binti ya Mama mkwe, Nafula. Jiko lilijaa wanawake wa ukoo. Nikamwona Mama Rasoa akiinamia sufuria, akavuta pumzi, akainama tena. Kisha akaweka mwiko chini.

"Sikilizeni," akasema. "Tangu ile homa iliyonilaza, pua yangu hainusi kitu. Nilidhani itarudi. Haijarudi."

Mwanamke aliyesifiwa kwa chai kuliko wote katika mashamba yale, anasema hivyo mbele ya watu! Akaniita. "Nekesa, njoo uninusie."

Wifi yake akaguna. "Unamwita huyu wa juzi? Si uchague mtu wa nyumbani?"

"Huyu ni wa nyumbani," Mama akajibu, wala hakupandisha sauti.

Nikainama. Kilichoharibika nilikijua papo hapo, na aliyeharibu alikuwa mama wa mume wangu. Ningesema chai ni nzuri, nani angenilaumu? Lakini alikuwa ananitazama, amenitegemea kabisa.

"Mama, karafuu zimezidi. Mchaichai hausikiki."

"Asante," akasema. Hakukasirika, hakujitetea. Akamwaga kiasi, akaongeza maji, akafunga fundo la mchaichai mbichi akalitumbukiza. Akaniuliza tena, nikamwambia aongeze iliki kidogo. Tukaendelea hivyo, yeye akitia, mimi nikinusa, mpaka nikasema, "Hapo, Mama."

Wageni wakaonja. Mzee wao akasogeza kikombe aongezewe, akauliza ni nani aliyeipika. Nilidhani Mama atapokea sifa zake anyamaze. Akasema, "Mikono ni yangu. Pua ni ya mke wa mwanangu."

Nikajifunika uso kwa leso, machozi yananitoka.

Posa ikakubaliwa, Nafula akaolewa. Pua ya Mama haikupona, na tulipika pamoja hivyo hivyo hadi alipofariki. Nimekutana na wakubwa wengi tangu hapo, wenye vyeo na magari. Sijaona aliyekuwa na ujasiri wa kusema "siwezi tena" kama yule mama.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: uwezo ukikutoka, sema mapema, umwite aliye karibu nawe, hata kama ni mgeni. Na ukiitwa wewe, usimpe mkubwa wako maneno matamu ili akupende. Mpe ukweli, kwa adabu. Mungu akuzungushie watu wa kukuambia ukweli, akupe na moyo wa kuupokea. Uzeeke vizuri.