Vumbi Jekundu Mlangoni
Kila Jumamosi jirani yangu alitwanga tofali kuukuu ndani ya ndoo, akapiga magoti na kusugua ngazi za mlango wake kwa lile vumbi jekundu, kama walivyofanya mama zetu hapa New Orleans, ili ubaya usivuke kizingiti. Viganja vyake havikutakata, hata kanisani. Sheria ya kupitisha barabara kuu mtaani kwetu ilipotufikia, watu wa serikali walianza kubomoa upande wangu wa mtaa. Yeye alisugua tu, akiimba kwa sauti ya puani.

"Shoga, inuka," nilimwambia Jumamosi ile ya mwisho. "Keshokutwa tingatinga liko kwako."

"Kwani unataka wakute kwangu kuchafu? Thubutu!"

Lakini matofali yalikuwa yamemwishia. Akavuka barabara, akainama kwenye kifusi cha nyumba yangu, akaokota tofali lenye masizi, la dohani ya jikoni. Akaligeuzageuza, akanitazama.

"Utaniruhusu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akalitwanga taratibu, akasugua mpaka ngazi zikawaka.

Jumatatu tingatinga lilizipanda ngazi hizo, kisha likaelekea nyumba ya pili na wekundu wa jiko langu kwenye minyororo yake.