Ubao wa Mninga Sebuleni

Bomba la kushikilia liling'oka tena Jumapili, Bernadeta ametoka misani hajafungua hata kitambaa cha kichwani. Lilikuwa limefungwa kwenye ukuta wa ujia, kutoka chumbani hadi chooni. Alimkuta mumewe, Polikarpo, ameketi sakafuni, bomba mkononi, vumbi la plasta kichwani kama aliyepakwa majivu ya Kwaresma ndoo nzima.

"Nimelishinda," mzee akasema. Wakacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Polikarpo alikuwa mchonga vinyago. Tangu apooze upande wa kushoto, safari yake ya maana ilikuwa moja tu: kwenda chooni peke yake. Aliionea fahari kuliko waendao Ulaya.

Dada yake Editha, aliyekuja kutoka Segerea kumjulia hali, hakucheka. Alimvuta Bernadeta jikoni, akamwambia nyumba imechakaa, ukuta haushiki kitu, na mtu mzima akivunjika nyonga ndiyo basi tena.

"Mvalishe nepi, wifi. Yaishe."

Bernadeta si mtu wa kujibizana. Jumuiya nzima pale Wazo wanamjua kwa upole. Lakini neno lile hakuliacha lipite.

"Siku akiitaka mwenyewe nitamvalisha," akasema. "Leo hajaitaka."

Akaitwa fundi Hija. Matofali ya nyumba ile yalifyatuliwa na mtu aliyeionea huruma saruji, mchanga mwingi, saruji ya kunusisha tu, na kiwanda cha saruji wenyewe wanakiona kutoka mlangoni. Hija alikuwa ameshaweka skrubu ndefu zaidi. Ameshabadili fisha, vile viplastiki vya kubania skrubu, akaleta vinene. Ameshashindilia hata njiti za kiberiti. Kila alipoongeza kitu, shimo nalo liliongezeka. Sasa alichokonoa kwa kidole, mchanga ukamwagika kama unga kwenye gunia lililotoboka. Akasema hapo hakuna cha kushika, dawa ni kubomoa ukuta.

Kubomoa wakalale wapi? Bernadeta aliinama akachungulia lile shimo.

"Na ukitoboa mpaka ng'ambo?"

"Nitatokea sebuleni, mama. Wageni wataona bolti."

"Kwani sebule ni ya wageni?"

Kwenye banda la mumewe kulikuwa na ubao mnene wa mninga, aliouhifadhi kwa kazi kubwa ambayo hakuwahi kuianza. Bernadeta alimwomba. Mzee aliupapasa kwa mkono wake mzima, akasema upasuliwe vipande viwili, na wafuate nyuzi za mti.

Kipande kimoja kikakaa upande wa ujia, kingine sebuleni, na bolti ndefu zikapita katikati, ukuta ukabanwa kama mkate. Hija alikuwa ameyasafisha mashimo, akayalowesha, akayajaza saruji nzito kuzizunguka bolti. Bernadeta akapiga marufuku mtu kugusa mpaka ikauke kweli. Siku zile alimkokota mumewe mwenyewe, amemkumbatia kiunoni, rozari ikienda kimoyomoyo.

Bomba likawekwa juu ya kipande cha ujia, nati zikakazwa. Hija akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote, miguu juu. Halikutikisika.

Editha aliporudi kuwatembelea aliukuta ule ubao juu ya kochi, na vichwa vya bolti vimetokeza. Akasema ni aibu, angalau watundike picha ya Moyo Mtakatifu ifunike.

"Yesu simfanyi pazia," Bernadeta akasema polepole, akimmiminia chai. "Ubao utakaa hivyohivyo. Anayekereka akae kochi hilo, aupe mgongo."

Mara mlango wa chumbani ukafunguka. Wakasikia kiganja kikishika bomba, na mguu mmoja ukiburutwa sakafuni. Ubao ukalia kidogo, tii. Editha akainuka kwenda kumsaidia kaka yake. Bernadeta akamshika gauni.

"Kaa, wifi. Chai inapoa."

Mguu uliburutwa, ukapumzika, ukaburutwa tena. Mlango wa choo ukafungwa. Kisha, kwa ndani, komeo likasukumwa.

Editha akakaa.