Jani la Isale kwa Ajili ya Ukuta

Jumapili iliyopita, baada ya misa katika kijiji kimoja chini ya Mlima Meru, tulibaki nje kumsubiri mkandarasi. Tangu maduka ya Arusha yajae vioo na mabati ya rangi kutoka ng'ambo, baraza la parokia linataka kanisa jipya. Hili la zamani, la mawe meusi, libomolewe.

Mkandarasi, Mchaga wa mjini, aligonga ukuta kwa ngumi. "Mnene, lakini umepitwa na wakati."

Bibi mmoja akamnyooshea jani la isale, lile la kuombea msamaha.

"Shikamoo, bibi. Kwani nani amenikosea?"

"Marahaba, baba. Hakuna. Ukuta ndio unakuomba. Tulipoujenga, tulikuwa tukija misa kila mtu na jiwe lake kichwani kutoka mtoni."

Kwao mkandarasi, aliyeletewa isale hakatai. Alivua kofia, akaingia, akasimama chini ya matao yale makubwa. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Tafuteni mkandarasi mwingine," alimwambia mwenyekiti wa baraza. "Asiwe Mchaga."

"Wala Mmeru," bibi akaongeza.

Msomaji, kama unamjua fundi ambaye kwao hakuoti isale, tafadhali usimwambie mwenyekiti.