Orodha ya Wapiga Kelele

Jamaa aliyekuja sokoni na tingatinga alikuwa na karatasi mkononi. Akisoma jina, kibanda kinaangushwa. Cha mama wa mahamri, jirani yetu, kilikuwa cha tatu. Hakulia. Aliokota ubao wake kwenye vumbi, ule wa MAHAMRI MOTO, akamnyang'anya yule jamaa karatasi. Akaangalia ubao, akaangalia karatasi, kisha akanitafuta kwa macho nilikojificha nyuma ya watu.

"Mwanangu," akasema, "hii si M yako?"

Ni yangu. M yenye mkia, nilifunzwa na mwalimu wetu wa darasa la tano, huyu ambaye leo ni mbunge wetu.

Wewe uliyekulia mtaa wa Umoja wakati wetu utamkumbuka: suti moja ya kahawia, chaki mpaka kwenye nyusi. Siku hizo nyumba hazijaongezwa vyumba hadi barabarani, na nyanya akinituma maji asubuhi, harufu ya iliki inanifuata mpaka mferejini. Mama wa mahamri alikuwa amehamia kwetu kutoka mtaa wa Majengo, buibui amelikunja kiunoni, mafuta yakichemka. Mahamri yaliyoungua upande mmoja alinipa mimi. "Kula, usiende shule tumbo likiimba." Siku moja akaniletea kipande cha ubao na rangi nyekundu nimwandikie, maana mwandiko wangu ulisifiwa na wapangaji wa ploti nzima.

Mwandiko huo ndio ulinifanya kipenzi cha mwalimu. Akitoka darasani ananiachia kazi ya kuandika wapiga kelele. Anayerudia unamwekea alama pembeni: mara mbili, mara tatu. Mwalimu akirudi anasoma, mtu anasimama, ananyoosha mkono, fimbo inashuka. Mimi sikuchapwa hata siku moja. Acha niseme ukweli, nilikuwa nafurahia. Shule niliiachia la saba, lakini ile raha ya kupewa karatasi na mkubwa haikuniacha.

Mwalimu alipoacha chaki akaingia siasa, tulimbeba mabegani pale soko la Burma, wauza nyama wakigonga visu kwenye magogo, mpaka koti likampasuka kwapani. "Nitawatetea kama nilivyowafunza!" Tukapiga vigelegele. Kampeni nzima mama wa mahamri alimlisha yeye na vijana wake. Muhula wake wa kwanza bungeni tukaona taa za barabarani. Wa pili tukaona vioo vya gari vimefungwa, na uwanja wa shule yetu umezungushiwa mabati.

Mama wa mahamri alisimama mkutanoni. "Mwalimu, watoto watachezea wapi sasa? Juu ya paa lako?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu pia alicheka.

Wiki hiyo hiyo akanipigia simu. "Monita," akaniita, "bado una ule mwandiko? Hebu niandikie wanaopiga kelele hapo sokoni. Nataka tu kuongea nao."

Monita! Cheo changu cha darasani; miaka thelathini hakuna aliyeniita hivyo. Niliketi mezani kama mtoto, nikaandika majina tisa. La mama nikaliwekea mara tatu.

Usiniambie nilidanganywa. Nilijua wanaoandikwa hufanywa nini, nilikuwa nikitazama ile mikono kila siku.

Leo pale kwenye kibanda pananuka saruji. Mama amerudi kwa dada yake Majengo na hapiki tena. Ule ubao aliniachia mlangoni, na bado sijapata ujasiri wa kuutoa hapo.

Basi, mwalimu, toka kwenye gari. Karatasi uliniagiza wewe, tingatinga ukalileta wewe, mabati ya uwanja ni yako. Njoo pale sokoni mchana, watu wakiwepo, uisome ile karatasi mwenyewe kwa ile sauti yako ya darasani. Mama nitamwomba aje; ukifika kwa jina lake, mtazame machoni umwambie alikosa nini. Mimi utanikuta nimesimama kando yake, mkono nimeshanyoosha.