Saruji ya Malachy kwenye Kuta za Rathcorran

Tangazo lilibandikwa dirishani kwa muuza nyama: nyumba ya shamba, ya miaka mia mbili na ushee, vyumba kumi na kimoja, ekari sita, inahitaji ukarabati. Malachy Tuohy alilisoma mara tatu, akaondoka bila nyama. Madalali nao wana adabu zao. Nyumba ikiwa mahututi watakwambia inahitaji ukarabati, na wewe mwenye macho utajionea mwenyewe ukifika.

Malachy hakuhitaji kufika. Alikuwa fundi mwashi wa miaka sitini na mitatu, na kuta za Rathcorran alizijua kuliko mgongo wake. Aliyeziua ni yeye.

Mwaka wa sabini na nne alirudi nyumbani Ireland kutoka Uingereza, na gari jipya na kiburi kipya. Miaka sita alikuwa amejenga kwa saruji. Baba yake, mzee Peadar, alikuwa fundi wa chokaa, mwana wa fundi wa chokaa, na nyuma ya zizi la Rathcorran lilikuwepo shimo alikoivundika chokaa yake hadi ilainike kama siagi. Mwenye nyumba wa wakati ule, baba yake Bi Hester Lyster, akataka lipu ya nje ibanduliwe ipigwe nyingine. Kazi akapewa kijana.

"Usizivike saruji kuta zile," Peadar alimwambia. "Ni mawe na udongo. Zinakunywa mvua, zikipata upepo zinakauka. Ukizifunika na saruji umeyafungia maji ndani."

"Baba, chokaa ni mambo ya enzi za farasi. Wewe utamaliza kazi ile kwa viangazi viwili. Mimi wiki tano."

Akamaliza kwa wiki tano kweli. Nyumba ikang'aa, majirani wakaja kuitazama, Malachy akapata kazi nyingine nne. Mzee Peadar alifika hadi getini siku ya mwisho, akaitazama ile saruji, akageuza baiskeli yake akarudi kwao. Hakuingia hata kuomba maji. Mwaka uliofuata akafa, neno juu ya ukuta ule hajalisema tena.

Miaka kumi na mmoja ikapita kabla doa la kwanza halijatokea, chumba cha mashariki, kijivu na kubwa kama sinia. Bi Hester alikuwa ameshabaki peke yake, baba amezikwa, ndugu hana. Alimwita Malachy.

"Malachy, hii ni nini?"

"Nyumba inataka moto, Bi Hester. Nyumba hizi za zamani zikikosa moto zinaoza."

Siku ile hakudanganya. Wenyeji wote wa kule husema hivyo hivyo, kanisani, mnadani, msibani: nyumba kubwa huozeshwa na meko baridi. Na husema zaidi ya hapo. Walianza kunong'ona kwamba Bi Hester ni bahili wa makaa, kwamba marehemu baba yake angelia akiona. Kijiji kidogo, masikio marefu, yalimfikia. Akawasha moto chumba kwa chumba, kila siku ya baridi, akipanda ngazi na ndoo mikononi.

Mwaka wa tisini na moja ndipo Malachy alipojua. Aliitwa kusaidia kutengeneza kanisa la zamani, wilaya ya jirani, nalo lilikuwa limepigwa saruji. Walipoibandua kwa tindo, maji yalitiririka kutoka ndani ya ukuta kana kwamba mtu amefungua bomba. Msimamizi akasema, "Mjinga aliyepiga saruji hii angenyweshwa maji haya yote." Mafundi wakacheka. Malachy akacheka nao, kisha akatoka nje akasimama peke yake nyuma ya gari lake.

Jioni ile alipita mbele ya Rathcorran. Moshi ulikuwa unatoka mabomba sita. Alipunguza mwendo getini. Kisha akakanyaga mafuta akaenda zake.

Basi, ukishapita mara moja ni rahisi kupita mara ya pili. Kila Pasaka alikuja kupaka rangi juu ya madoa, bila malipo. Bi Hester alimpa keki ya zabibu na kumshukuru mpaka anaona haya. Watu wakamsifu: Malachy yule ana moyo, angalia anavyomtunza yule mama asiye na mtu. Alisikia sifa hizo kaunta ya baa na bia ikawa chungu. Lakini alikunywa. Mtu anaweza kuishi miaka mingi namna hiyo, na aibu ndiyo hiyo, kwamba anaweza.

Makaa yalipopanda bei, Bi Hester akaanza kukata miti ya njia, ile mikubwa iliyopandwa pande zote mbili kutoka getini mpaka mlangoni. Mmoja kila vuli. Malachy ndiye aliyemtafutia mwenye msumeno.

Siku ya wanunuzi, dalali alimpigia simu. Fintan Gavigan alikuwa kijana wa suti na viatu visivyojua matope.

"Mzee wangu, njoo utusaidie. Watu wa mjini wakimwona fundi wa pale pale roho zinatulia. Utasema kuta ni nene, basi."

"Nene ni nene," Malachy alisema.

"Maana hawa wakikataa, amebaki yule mnunuzi anayetaka mawe na ardhi tu. Ataibomoa kabla ya Krismasi. Na yule mama atakufa, nakwambia."

Malachy alifika saa nne asubuhi. Moshi ulikuwa unatoka mabombani, na ndani kulikuwa na joto la kupasua kichwa, na chini ya joto lile ile harufu ya ukungu. Bi Hester alikuwa jikoni, ana miaka sabini na minane, amevaa koti la baba yake, mashavu mekundu kwa ngazi. Amepanga chai, mkate wa magadi na siagi.

Walikuja mume na mke, Ruairi na Nessa. Mke ndiye aliyeshika karatasi ya mkaguzi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuipenda nyumba na anajutia kuipenda.

"Bi Lyster," alisema, "tumelala nayo, tumeamka nayo. Lakini mkaguzi anasema kuta zimelowa mpaka katikati. Hajui maji yanatoka wapi. Anasema zimekwisha."

"Kila nyumba ya zamani ina unyevu kidogo," Fintan alidakia.

"Kidogo?" Ruairi alisema. "Mwenzetu, nimeegemea ukuta kule juu, shati limelowa."

Bi Hester aliweka birika chini. "Msimlaumu kijana. Kosa ni langu," alisema, taratibu, kama mtoto anayekiri makosa shuleni. "Baba alinikabidhi nyumba nzima. Mimi miaka ya mwanzo nilibana moto, nikaiua kwa baridi. Nilipozinduka nikawasha, lakini nilikuwa nimechelewa. Muulizeni Malachy. Yeye alinionya mapema."

Wote wanne wakamgeukia. Fintan alikuwa anamkonyeza.

Malachy alitazama mikono yake. Alifikiria kusema kuta ni nene. Neno lilikuwepo mdomoni, tayari, dogo, na mama huyu angeondoka na kosa lisilo lake mpaka kaburini.

"Si moto," alisema.

"Mzee," Fintan alisema.

"Nyamaza wewe. Si moto, Bi Hester. Haikuwa moto hata siku moja. Ni saruji yangu. Baba alinikataza, nikamcheka. Imeyafungia maji ndani ya ukuta, na hata ungewasha jehanamu yenyewe humu, yasingetoka."

Hakuna aliyegusa chai.

"Mkaguzi wenu ameona ukuta uliolowa," Malachy alimwambia Nessa, kwa sababu kumtazama Bi Hester hakuweza. "Haujafa. Bandueni saruji yote, uacheni upumue miaka miwili, halafu mpige chokaa. Shimo la baba liko nyuma ya zizi, mbao na udongo juu yake. Chokaa ikikaa na maji haiharibiki. Nitaibandua mimi. Sitaki hata senti."

Nessa alimtazama mumewe. "Kwa hiyo nyumba inapona?"

"Inapona."

Bi Hester alikuwa bado amesimama. "Ulijua lini?"

"Bi Hester..."

"Nimekuuliza mwaka."

"Tisini na moja."

Midomo ikamcheza kidogo, alikuwa anahesabu. Kisha akatazama nje ya dirisha, kwenye njia ile tupu yenye visiki pande zote mbili. "Mti wa kwanza niliukata tisini na tano," alisema.

Malachy alitaka kusema anaomba radhi. Lilikuwa neno jepesi mno, akaona haya kulitoa mbele za watu.

"Hawa watanunua," Bi Hester alisema, "naona machoni. Vizuri. Malachy, chukua ile ndoo. Panda juu uzime moto wote. Makaa yangu yametosha."

Akapanda. Chumba kwa chumba alikusanya kaa jekundu kwa koleo, akashuka nalo, akapanda tena, na safari ya nne goti lake likaanza kulia. Yeye amezipanda ngazi hizi miaka ishirini na saba, na ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitano, alijiambia.

Mwisho wa ujia kulikuwa na chumba ambacho hakuwahi kukipaka rangi, kwa sababu alikuwa akiambiwa kila Pasaka kwamba hakina shida. Chumba cha kulala cha Bi Hester. Akagonga kwa mazoea, akaingia na ndoo.

Baridi ilimpiga usoni. Juu ya kitanda chembamba kulikuwa na mablanketi matano na kofia ya sufu. Meko ilikuwa safi, matofali yake meupe bila hata alama ya moshi, na ndani yake lilikunjwa gazeti la kuzuia upepo wa bombani. Malachy aliinama akalisoma tarehe. Lilikuwa la msimu ule ule aliomwambia kwamba nyumba inataka moto; tangu hapo makaa yote yalikwenda vyumba vingine, mwenyewe akalala baridi.

Akaketi sakafuni na ndoo yake. Chini alisikia Nessa akicheka kwa furaha, na Bi Hester akimuuliza kama atapenda chai nyingine.